Nilivyomfundisha binti yangu kusoma kwa sauti za herufi

Alipotimiza miaka mitano, binti yangu alikuwa anaziimba herufi zote bila kukosea: ei, bi, si, di. Chekechea anayosoma inafundisha kwa Kiingereza, na wageni wakija nyumbani walikuwa wanampigia makofi. Lakini ukimwekea neno embe, anabaki anakutazama. Akijitahidi sana anasoma "imbi", kwa sababu E ameambiwa inaitwa "i". Siku moja aliandika BB sakafuni kwa chaki, akaniita: "Mama, njoo uone, nimeandika bibi!" Na kwa alichofundishwa alikuwa sahihi kabisa. Bi na bi ni bibi.

Nikaamua kumfundisha mwenyewe kwa Kiswahili, nikianza na sauti za herufi, majina yangefuata baadaye. Mimi si mwalimu, nashona nguo, ila dada yangu anafundisha darasa la kwanza na yeye ndiye aliyenipa mwanga. Tangu 2015, mtaala wa darasa la kwanza na la pili hapa Tanzania umeweka nguvu kwenye KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, na sauti za herufi ni sehemu ya kazi hiyo. Kiswahili kinamrahisishia mtoto: irabu ni tano tu, a, e, i, o, u, na kila moja ina sauti yake popote utakapoikuta.

Mwanzoni hatukushika chaki wala karatasi. Tulichezesha masikio. Nikiwa jikoni namwambia, "Niletee ki-ji-ko," analeta. "Niletee su-fu-ri-a," analeta huku anacheka. Alipozoea nikaanza kukata sauti moja moja: "Nani hapa jina lake linaanza na sss?" Mchezo huu watu wengi wanauruka, na mimi naona ndio wenye faida kubwa kuliko yote. Mtoto asiyesikia kwamba saa inaanza na sss, hata umwonyeshe herufi s mara ngapi, atakuwa anakariri umbo tu.

Kisha nikaokota vifuniko vya soda kwenye duka la jirani, nikaviosha na kuandika herufi ndani, irabu kwa wino mwekundu na konsonanti kwa mweusi. Sikuvitoa vyote. Nilianza na a na m. M ni nzuri kwa kuanzia kwa sababu unaweza kuivuta: mmmm. Unavuta huku unasogeza kifuniko cha m polepole kuelekea a, vikigusana sauti inakuwa ma. Ukiweka ma nyingine pembeni, mtoto amesoma mama. Alipotambua alichosoma alinitazama, akaangalia tena vifuniko, akavisogeza upya kwa mkono wake mwenyewe kuhakikisha.

Baada ya hapo nikaongeza i, l na s. Kwa herufi hizo tano tu unapata mimi, lala, lima, asali, salama. Herufi kama b, t, k na p hazivutiki, nikaziacha kwanza. Zilipofika zamu yake nilihakikisha simtamkii b kwa kuiwekea irabu nyuma, maana ukimzoesha "be", atasoma baba "be-a-be-a". Nilizifundisha moja kwa moja ndani ya silabi: kifuniko cha b kinakaa palepale, irabu zinabadilishwa.

Mama mkwe alinitania kidogo. "Mwanangu, sisi tuliimba ba be bi bo bu, na leo tunasoma." Nikamjibu, "Ni kweli mama, nami ndiko ninakoelekea." Silabi ndiyo uti wa mgongo wa kusoma Kiswahili, hilo silibishi. Ninachokwepa ni kuimba kwa mpangilio uleule kila siku. Ukimwonyesha bo peke yake, aliyekariri lazima aanzie ba ahesabu mpaka aifikie. Kwa hiyo nilikuwa navuruga: bu, ba, bo, be, bi. Bibi yake alipoona mjukuu anazisoma bila mpangilio, naye akawa anamtungia maneno.

Kazi ngumu ilikuwa m inayosimama peke yake. Neno mtu alilisoma "mutu", na mti akalisoma "muti". Tukaanza kupiga makofi, kofi moja kwa kila silabi: m-tu, mawili, kofi la kwanza midomo imefungwa. Halafu ikaja mboga, ambayo m yake imeungana na b: mbo-ga, mawili. Lakini mbu ni m-bu, nayo ni mawili. Sikumweleza kanuni yoyote, nilimwachia sikio lake, kwa kuwa haya maneno anayatamka vizuri tangu alipoanza kuongea. Kuandika ndiko kulikochelewa. Embe aliandika "ebe" kwa muda mrefu, na kila mara nilimwambia alitamke taratibu mpaka aisikie ile m kabla ya b.

Tulikaa baada ya chakula cha jioni, robo saa haifiki. Akichoka tunaacha, hata kama neno limebaki nusu. Akikosea hakuna kumcheka, na kaka zake niliwawekea sheria kali kuhusu hilo.

Sasa anasoma sentensi fupi na majina ya daladala tukiwa kituoni. Wenzangu wananiuliza kama Kiingereza hakitamchanganya. Nilisubiri mpaka Kiswahili kikae sawa, ndipo nikamwambia kwamba herufi hizihizi zikiwa kwenye maneno ya Kiingereza zinabadilisha sauti, kwa hiyo tunajifunza sauti zake upya. Amelipokea bila shida, na wimbo wake wa ei, bi, si bado anauimba. Kwa sasa tuko kwenye ng na ng'. Ngoma anaisoma vizuri. Ng'ombe bado anairukia kama ngoma, na ndiyo kazi yetu ya wiki hii.