Kapteni mwenye Upanga wa Mbao

Bwana asifiwe, wapendwa. Neno letu wiki hii ni Zakaria 4:10: "Maana ni nani aliyeidharau siku ya mambo madogo?"

Kuna mji mdogo uitwao Dixon, jimbo la Illinois, Marekani. Kando ya Mto Rock pale imesimama sanamu ya shaba ya Abraham Lincoln, aliyekuja kuwa rais wa Marekani, kazi ya mchongaji Leonard Crunelle, iliyozinduliwa mwaka 1930. Aliyemzoea Lincoln wa noti ya dola tano anaweza kumpita bila kumjua. Hana ndevu. Ni kijana wa miaka 23, askari wa kujitolea katika vita dhidi ya Black Hawk, kiongozi wa Wasauk, mwaka 1832, wakati Dixon ilikuwa kivuko tu na ngome ndogo.

Alifanya nini cha kujengewa sanamu? Kusema kweli, karibu hakuna. Wenzake walimchagua kuwa kapteni wao, na miaka 27 baadaye aliandika kwamba hajapata ushindi mwingine uliomfurahisha kama ule. Lakini amri za kijeshi hazikuwa kichwani. Inasimuliwa kwamba siku moja kikosi kilifika kwenye geti jembamba na yeye hakukumbuka amri ya kuwapitisha kwa mstari. Akawaambia watawanyike kwa dakika mbili, kisha wajipange upya upande wa pili. Siku nyingine watu wake waliiba pombe, wakalewa, asubuhi hawakuweza kutembea. Adhabu ikamwangukia yeye: siku mbili nzima alivaa upanga wa mbao kiunoni, mbele ya jeshi lote. Vita hakupigana. Mwaka 1848, akiwa Bungeni, alijitania kwamba damu aliyomwaga ilikuwa ya kupambana na mbu.

Na vita yenyewe haikuwa ya kujivunia. Wasauk, kabila la wenyeji wa asili wa Marekani, walikuwa wamevuka Mto Mississippi kurudi kwenye ardhi yao, na kufikia Agosti wengi wao, wanawake na watoto wakiwemo, waliuawa. Lincoln alikuwa ameachiwa jeshini tangu Julai. Wenzake walikumbuka jambo moja zaidi: mzee mmoja mwenyeji wa asili aliingia kambini, askari wakataka kumuua, naye kapteni wa upanga wa mbao akasimama katikati.

Nimekaa na sanamu hii moyoni kwa sababu shuhuda zetu tunazianzia mwishoni. Tunasimulia tulipofika, mwanzo tunauruka. Hata Yese, Samweli alipoomba kuwaona wanawe, aliwapanga saba na kumwacha Daudi, mchunga kondoo, huko huko malishoni. Simba na dubu walikuwa wameshauawa, ila hakukuwa na mtu wa kupiga makofi.

Zamu yangu ya kwanza kuongoza ibada ya jumuiya nilisahau sadaka. Nimeshafunga kwa maombi, watu wanatafuta viatu mlangoni, ndipo mama mwenye nyumba akakohoa kidogo na kuweka bakuli la bluu mezani, kimya. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Miaka mingi sikuisimulia. Leo naona siku ile nilifundishwa kuongoza na yule mama kuliko na semina yoyote.

Lincoln, usiku wa kuamkia safari ya kurudi, farasi wake aliibwa. Alirudi kwa miguu na kwa mtumbwi, akafika uchaguzi wa bunge la jimbo, aliokuwa akigombea, ukiwa mlangoni, akashindwa: wa 8 kati ya wagombea 13. Ila kijijini kwake New Salem, kati ya kura 300, alipata 277. Walikuwa majirani zake, baadhi yao walitoka naye vitani.

Tuombe. Baba, Ijumaa hii ndugu yetu mgeni ana zamu ya kuongoza jumuiya kwa mara ya kwanza. Akisahau sadaka, mpe mama wa nyumba kikohozi cha upole. Amina.