Tulivyoifikia sanamu ya ng'ombe wa futi 38 kule New Salem, baada ya safari ya kwanza kuishia kwenye matope

Naandika hii kwa sababu nimechoka kusikia ati hapa North Dakota, Marekani, hakuna cha kumwonyesha mtoto. Mtu ameishi Fargo miaka kumi, kila wikendi yuko ndani na simu, ukimuuliza watoto uwapeleke wapi anakwambia nenda Minneapolis kwenye maduka. Sasa nenda na watoto wanne kwenye maduka uone hela inavyoyeyuka kabla hujavua hata koti. Mimi niko shifti ya usiku kiwandani, baba watoto anaendesha lori, hatuna hela za kuchezea, na bado tumewaonyesha watoto wetu nyati, korongo, ng'ombe, panzi na bata bukini, wote masanamu makubwa ajabu, wote pembeni ya barabara.

Mazoezi tulifanyia upande wa Minnesota maana ni karibu. Rothsay kuna kuku wa porini wa zege, wamemweka tangu 1976, halafu Pelican Rapids kuna ndege mwari amesimama chini ya bwawa la mto, wa 1957 huyo, futi 15 na kitu. Hiyo ni safari ya kutoka asubuhi na kurudi kula mchana. Kitinda mimba alimwogopa mwari akakataa kushuka kwenye gari, ila usiku alivyolala akawa anamtaja. Nikajua hapa pana kitu.

Niliyemtaka hasa ni yule ng'ombe. Anaitwa Salem Sue, yuko New Salem juu ya kilima, wamemjenga 1974 kwa faibaglasi, futi 38 kwenda juu na futi 50 urefu wake, ni wale weusi na weupe wa maziwa. Baba yangu alifuga ng'ombe kule Fizi, Kongo, kabla hatujakimbia, na miaka yote ya Nyarugusu, kambi ya wakimbizi Tanzania, hadithi zake zilikuwa za ng'ombe, jina la kila mmoja, nani alikuwa mkali, nani alizaa mapacha. Watoto wangu wanazijua hizo hadithi kwa simu tu. Kwa hiyo niliposikia kuna ng'ombe mkubwa hivyo na unamwona toka barabarani nikasema hawa watoto lazima wasimame chini yake na babu yao aone.

Sasa ushauri mbaya. Mwenzetu mmoja wa kanisani, mwenyeji kabisa wa hapa, akaniambia nendeni Aprili, theluji imekwisha, barabara ni kavu. Nikamwamini. Fargo kweli palikuwa pakavu. Tukapakia chapati, maandazi, mayai ya kuchemsha, chupa mbili za chai, tukaondoka bado giza. Maili zaidi ya mia mbili na ishirini, watoto wanaimba mpaka Bismarck, tunavuka mto Missouri, na baada ya nusu saa hivi mkubwa akapiga kelele, Mama ng'ombe yule! Kweli, ukiwa mbali unamwona kama yuko hai anachunga bonde zima peke yake. Tukatoka barabara kuu, tukashika njia ya kupanda kilima, ni ya kokoto, na pale ndipo Aprili ikatuonyesha maana yake. Theluji ya juu ilikuwa inayeyuka inashuka yote njiani, chini ya kokoto ni uji. Sienna yetu ikapanda kidogo, ikaanza kuzunguka magurudumu, nikakanyaga mafuta (usikanyage mafuta, hapo ndipo unajizika), ikateleza kwa upande taratibu ikakaa na tairi mbili za kulia ndani ya mtaro. Baba watoto hakuwepo, yuko safarini Montana. Mimi na watoto wanne, upepo wa kule unauma masikio, na ng'ombe tunamwona pale juu, tumbo lake lote, karibu kabisa. Nikatia makapeti ya gari chini ya tairi, yakaruka nyuma kama maandazi kwenye mafuta. Nikatia matawi, wapi. Watoto wanalia, na mimi koo limenibana ila sikulia mbele yao.

Tulikaa kama saa nzima hivi. Akatokea mzee mmoja na pikapu, mfugaji, nyumba yake ina paa la bluu unaiona ukiwa njiani. Hakuuliza mengi. Akashuka na mnyororo, akalala chini kwenye yale matope na nguo zake safi, akafunga, akatuvuta mpaka chini kwenye lami. Nikatoa hela akakataa, nikatoa tena akarudisha mikono mfukoni. Basi nikampa mfuko wa maandazi tuliobakiza wa kurudia, huo akapokea, akala moja palepale akiwa amesimama. Akasema mje Juni. Nilivyorudi nikamwambia yule mwenzetu wa kanisani kwa upole kabisa kwamba Aprili ya Fargo sio Aprili ya kilimani, na nyie pia mnaosoma mjue hivyo.

Juni tukaenda wote sita. Safari hii nilijipanga, kwa sababu safari ndefu na watoto adui ni lile swali la tumefika? tumefika? Dawa yake nimeigundua mwenyewe na najivunia. Ndani ya North Dakota, namba za michepuko ya kutoka barabara kuu ya I-94 ni maili kuhesabu toka mpaka wa Montana. Fargo iko kwenye 350, Jamestown 258, Steele 200, New Salem 127. Kwa hiyo nikampa binti yangu wa miaka tisa karatasi na kalamu nikamwambia wewe ndiye kondakta, kila kibao ukikiona toa namba utwambie zimebaki maili ngapi. Alifanya hesabu za kutoa njia nzima, na wadogo wakawa wanamuuliza yeye, mimi nikanywa chai yangu kwa amani.

Jamestown tukamwona nyati, yule wa 1959, futi 26, tani 60 za chuma na zege, amepewa jina Dakota Thunder. Ukisimama chini ya kidevu chake unahisi ubaridi wa kivuli. Makumbusho ya nyati pale yana kiingilio hivyo hatukuingia. Steele kuna korongo wa chuma wa futi 40, hapo ni kunyoosha miguu tu.

New Salem kilima kilikuwa kikavu, kijani, gari limepanda bila shida. Watoto walikimbia wakamkumbatia mguu. Sasa picha, sikilizeni, maana wengi wanarudi na picha ya tumbo tu. Usimpige mtoto akiwa chini ya ng'ombe, ataonekana kama siafu. Rudi nyuma mbali, mwache ng'ombe kule, mtoto mlete karibu na simu kama hatua mbili tatu, simu yenyewe iweke chini kabisa kwenye nyasi. Mimi niliisimamisha ndani ya kiatu cha baba watoto kwa sababu upepo ule unaangusha kila kitu. Mtoto ananyoosha mikono hewani, wewe umelala kifudifudi unamwambia kushoto kidogo, juu kidogo, mpaka vidole vyake vinagusa chuchu za ng'ombe kwenye kioo. Tulirudia labda mara ishirini. Ikatoka picha kitinda mimba anakamua Salem Sue kwa mikono miwili, uso wa kazi kabisa. Kuna kisanduku cha mchango tukatia tulichokuwa nacho.

Tulilala Bismarck kwa shemeji, kesho yake tukaenda mpaka mchepuko wa 72, Gladstone, unashuka kusini maili 32 hadi Regent. Ile njia ni kazi ya mtu mmoja, Gary Greff, alikuwa mwalimu, akaona mji wao unakufa, akajifundisha kuchomelea na kuanza kusimamisha masanamu ya vyuma chakavu, matenki ya mafuta na mabomba. Bata bukini wake wanaoruka wana futi 110, wamesimama toka 2001. Baba watoto, ambaye anachomelea pia, alizunguka nyuma ya panzi wake wa chuma akipapasa viungo kimoja kimoja, hakusema neno muda mrefu. Jazeni mafuta kabla ya kushuka huko. Safari yote mafuta na vyakula haikufika dola mia mbili, labda mia na sabini.

Ile picha ya kukamua nilimtumia baba kule Nyarugusu jioni ileile tuliyoipiga. Akapiga mwenyewe, jambo ambalo hafanyi kwa sababu ya vocha. Akasema, "Mwanangu, mwambie huyo mtoto asikunje dole gumba ndani, hivyo atamuumiza ng'ombe." Nikampa mtoto simu, wakaongea dakika nzima juu ya dole gumba.

Siku ile ya Juni, tukishuka kilimani, nilikuwa nimesimama kwenye ile nyumba ya paa la bluu. Mzee hakuwepo. Nikamwachia mfuko wa maandazi kwenye kasha lake la barua, hayakuwa ya moto tena, yalikuwa ya jana yake, na karatasi ambayo binti yangu aliandika: tulifika juu.