Maana unaijua, ila neno hilo linakaa na nani?

Kuna barua moja niliandika miaka kadhaa iliyopita ambayo mpaka leo nikiikumbuka mwili unanisisimka. Dada mmoja niliyekua nafanya naye kazi alikua anaomba nafasi ya masomo, akaniomba nimwandikie barua ya mapendekezo kwa kingereza, na mi nikaichukulia kwa uzito kabisa maana yule dada ni mwerevu kwelikweli, mtu ambaye ukimpa tatizo asubuhi mchana keshakuletea njia tatu za kulitatua. Sasa nikataka kuandika hivyohivyo, kwamba ni mwerevu, mjanja wa kazi. Neno "clever" nikaliona jepesi, la wanafunzi wanaoanza, nikafungua kamusi ya visawe nikashuka na orodha mpaka nikakuta "cunning", nikaona hapa ndipo, hili lina uzito wake, nikaandika "She is a cunning and hardworking young woman". Kabla sijaituma nikampa mama mmoja aliyefanya uhariri karibu maisha yake yote aipitie. Akasoma, akavua miwani, akaniuliza taratibu, "Mwanangu, huyu dada unamtakia mema au unamtakia mabaya?"

Nilishtuka. Akanieleza kwamba "cunning" ni werevu wa mtu anayekuzunguka, wa kukupata kwa hila, ndo maana waingereza wanaliweka kwa mbweha na kwa adui. Yeyote ambaye angeisoma ile barua angeelewa kwamba namwonya kiungwana ajihadhari na huyu binti. Mama akafuta, juu yake akaandika kwa penseli "resourceful". Neno moja tu, na ndilo hasa nililokua nalitafuta tangu mwanzo, mtu asiyekosa njia.

Tangu siku ile nimekua mtu wa kuchunguza maneno kupita kiasi, na ningependa wenzangu mliofika mbali na kingereza mnisikilize kidogo hapa. Kwenye vile viwango sita vya Ulaya vya kupimia ujuzi wa lugha, vya A1 mpaka C2, ukishafika C1 shida yako sio maana tena. Maana unazo. Shida ni kwamba una maneno sita kichwani yenye maana ile ile halafu kila moja lina tabia yake, lina marafiki zake, lina sehemu halikanyagi, na hayo yote kamusi ya visawe haikuambii. Haikukusudiwa hata kukuambia. Daktari Peter Mark Roget alipotoa ile yake maarufu mwaka 1852 hakuweka fasili za maneno, aliyapanga kufuata mawazo, ili anayelijua neno lakini limempotea ulimini alikumbuke. Yaani ni kitabu cha mtu ambaye tayari anamjua kila aliyemo kwenye orodha. Sisi tunaingia mle kama kwenye umati wa watu tusiowajua, tunamshika mkono aliyevaa vizuri kuliko wote tunaondoka naye.

Mwanafalsafa Bertrand Russell aliwahi kulionyesha hili vizuri sana kwenye redio ya BBC mwaka 1948. Kwa kiswahili chetu ni kama kusema mi nina msimamo, we mbishi, yule kichwa ngumu. Tabia ni ile ile moja, kinachobadilika ni jinsi msemaji anavyomuona mwenye tabia. "Firm", "obstinate", "pig-headed", yote yanataja mtu asiyebadilisha mawazo. Na sisi haya tunayo, mbona. Mtu mwembamba ukimwita mwembamba sawa, ukimwita kimbaumbau umemtukana. Kingereza nacho kina "slim" ya kusifia, "thin" ipo katikati, na "skinny" mara nyingi inauma. Tena angalia "childlike" na "childish", zote zimetoka kwa mtoto, ya kwanza inasifu moyo safi wa kitoto na ya pili inamgombeza mtu mzima.

Halafu kuna suala la tabaka, na hapa historia inasaidia kweli. Mwaka 1066 William wa Normandy aliiteka Uingereza, na kwa miaka mingi baada ya hapo wakubwa walikua wanaongea kifaransa huku watu wa kawaida wakibaki na lugha yao ya zamani, na juu yao wote kanisa na wasomi wanaandika kilatini. Ndo maana kingereza kina maneno mawili matatu kwa jambo moja. "Ask" ni la wenyeji, "question" limepitia kifaransa, "interrogate" limetoka kilatini, na jinsi unavyopanda ndivyo hewa inavyozidi kua nzito, mpaka kwenye hilo la mwisho unaona kabisa chumba, meza na askari. Kwahiyo ukiandika "I interrogated my teacher about the exam" hujaongeza usomi hata kidogo, umemkamata mwalimu. Mtu anayeongea kiswahili hili alitakiwa alielewe haraka, maana na sisi mtu akifiwa hatumwambii bibi yako amekufa, tunasema amefariki, na mbwa naye hatusemi amefariki. Hakuna aliyetufundisha sheria hiyo darasani, sikio lilijifunza lenyewe. Kwa kingereza sikio letu halikulelewa mle, inabidi tulilee sasa hivi kwa makusudi.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni kitenzi chetu kukataa, ambacho tumekibebesha mzigo wa kijiji kizima. Mtoto amekataa kulala, mtuhumiwa amekataa kwamba aliiba, kampuni imekataa ombi langu, nimekataa mwaliko. Kwa kingereza hao ni watu wanne tofauti: "refused to sleep", "denied stealing", "rejected my application", "declined the invitation". Na sio maana tu zinazotofautiana, hata namna ya kusimama kwenye sentensi ni tofauti. "Refuse" inafuatwa na "to". "Deny" haiitaki kabisa hiyo "to", inataka "-ing" au "that", kwahiyo ile "he denied to come" ambayo nimeiona kwa watu wenye digrii zao haipo, ni "he refused to come". "Reject" yenyewe inataka kitu mbele yake, wazo, ombi, ofa, huwezi "reject to go". "Decline" ndo yenye adabu, inakubali kitu na inakubali "to", na ndo unayoihitaji ukimjibu mtu kwa imeili, maana "I refuse your invitation" sarufi yake haina kosa lolote ila msomaji anasikia mlango umebamizwa. Halafu kukiwa na mtu kati, "they denied me entry", ile "deny" imeacha kua kukana imekua kunyima! Mimi nilikaa na neno hili moja karibu wiki nzima na sijutii.

Angalia na kali. Kisu kikali "sharp", mwalimu mkali "strict", mbwa mkali "fierce", dawa kali "strong", maumivu makali "severe". Ukibeba "sharp" ukampa mwalimu umesema ana akili nyepesi, ambayo ni sifa nzuri ila sio uliyoikusudia. Na wala tusidhani kingereza ndo kina maneno mengi kila sehemu, mwingereza anayejifunza kiswahili anakuja na "wash" yake moja anakuta kuna kufua, kuosha, kunawa na kuoga, na akisema anafua mikono tunamuelewa lakini tunajua papo hapo ni mgeni.

Hiyo ya kueleweka lakini ukajulikana mgeni ndo ngazi ya juu ilipo. Mtaalamu wa isimu wa Uingereza, J. R. Firth, aliandika mwaka 1957 kwamba neno utalijua kwa wale linaoandamana nao, na mi sijakutana na ushauri mzuri kuliko huo kwa mwanafunzi wa lugha. Fikiria kupiga. Tunapiga simu, tunapiga picha, tunapiga pasi, tunapiga mswaki, tunapiga kelele, na hakuna anayepigwa hapo. Huwezi kueleza kwanini, ni hivyo tu maneno yamezoeana. Kingereza nacho kina ndoa zake: mvua ni "heavy", upepo ni "strong", ukungu ni "thick". Ukisema "big rain" au "strong rain" hakuna atakayepotea njia, ila ndoa umeivunja. Unajuta "deeply", unapendekeza "strongly" au "highly", baridi ni "bitterly cold". Haya hayatafutwi kwa akili, yanakusanywa kama yalivyo.

Na kuna jambo lililonishangaza zaidi nilipolisoma. Miaka ya 1980 John Sinclair na wenzake wa Chuo Kikuu cha Birmingham walikusanya maandishi mengi ya kingereza kwenye kompyuta, mradi wa COBUILD, kamusi yao ikatoka 1987, na walipoyapanga mistari kwa mistari wakaona kwamba maneno mengine yana tabia ya kutembea na mabaya peke yake hata kama fasili haisemi hivyo. "Set in" ni kuanza na kuendelea kukaa, lakini angalia kinachofanya hivyo: kuoza, kukata tamaa, maambukizi, hofu. Wengine wakaonyesha "cause" nayo ni hivyohivyo, inaleta hasara, ajali, vifo, matatizo. Kwahiyo "your visit caused me happiness" inasikika kama furaha imekua ugonjwa. Na we jiulize kwa kiswahili, umewahi kusikia mtu kakumbwa na furaha? Unakumbwa na mafuriko. Unapatwa na msiba, ila kazi unaipata. Sisi tunajua, ila hatujui kama tunajua.

Kosa la upande wa pili naliona sana kwa waliosoma kingereza vitabuni, la kukwepa vile vitenzi vya vipande viwili vitatu, "put off", "find out", "look into", "put up with". Tunaviona vya mtaani, tunakimbilia "postpone", "ascertain", "investigate", "tolerate", halafu meseji ya kumwambia rafiki tukutane kesho badala ya leo inasomeka kama wito wa mahakama. Kumudu hivi vidogo ni kazi ngumu kuliko kukariri vikubwa, naomba tuviheshimu.

Ninavyofanya mimi siku hizi ni hivi. Neno likinijia na sina uhakika nalo, naanza na kamusi ya kingereza kwa kingereza iliyoandikwa kwa ajili ya wanaojifunza, ile inayokuandikia kama neno ni la heshima, la kizamani, la dharau, na mimi nasoma sentensi za mfano kuliko fasili. Bado nikiwa na wasiwasi naenda kwenye korpasi, yaani hifadhi ya maandishi na mazungumzo halisi unayoweza kuitafuta kwenye intaneti. Ya waingereza, BNC, ina maneno milioni 100, ya wamarekani, COCA, imepita bilioni 1. Naandika neno langu, linakuja limepangwa katikati ya mistari, na mi naangalia kushoto na kulia kwake tu. Mistari ishirini inatosha. Ningefanya hivyo na "cunning" siku ile ningewaona mbweha na njama zimejaa pale na ningetoka mbio. Na kwenye daftari siandiki tena neno peke yake na maana yake pembeni, naandika kipande kizima kama nilivyokikuta, "reach a compromise", "raise a concern", "a lame excuse", maana neno peke yake nimeona linasahaulika au linakuja kutumika vibaya.

Zile jozi za "historic" na "historical", "economic" na "economical", "sensible" na "sensitive" sitakaa nazo hapa, kamusi yoyote nzuri inazimaliza kwa dakika mbili, zipitieni.

Kuna moja tu kamusi haijawahi kunisaidia, nayo ni pole. Mwezi uliopita mtu niliyefahamiana naye kwa kazi za tafsiri, mwingereza, alifiwa na mama yake. Nikakaa kumwandikia, nikaanza "Please accept my heartfelt condolences", neno ni sahihi, limo kwenye kila kadi, nikalisoma nikaona limesimama mbali kama mtu aliyevaa suti mlangoni haingii ndani. Nikaliondoa. Nikajaribu "sympathies", nikaondoa. Kama nusu saa hivi nimekaa na mstari mmoja, ambao kwa kiswahili ungenichukua sekunde moja, pole sana dada. Mwisho nikaandika "I'm so sorry about your mum. I've been thinking of you all day." Hakuna neno hata moja hapo ambalo sikulijua mwaka wa kwanza wa kujifunza kingereza, na "mum" nimeiweka kwa makusudi badala ya "mother" kwasababu ndivyo yeye mwenyewe alivyokua akimtaja kila mara. Alinijibu usiku ule ule, barua ndefu, yote kuhusu mama yake.