Jinsi maji ya udhu yalivyonusuru miti ya bustani yetu Mikindani

Huku Mtwara mvua ni za msimu mmoja. Zikianza Novemba au Desemba, Aprili au Mei zimekwisha, na baada ya hapo ni kusi na jua. Mwaka ule Desemba yote ilipita kavu, maji ya bomba yakawa ya mgao, na mimi ndiye niliyekabidhiwa bustani ya mtaa: bembea za watoto, mabenchi, na miti ambayo wazee hushinda chini yake wakicheza bao.

Uamuzi wangu wa kwanza uliniletea maneno. Niliacha kabisa kumwagilia nyasi.

"Mwanangu, mbona umeiacha bustani inakufa?" aliniuliza mama mmoja jirani, amekasirika kweli.

"Shikamoo mama. Njoo uone." Nikafukua kwa kidole, nikamwonyesha shina la ukoka linalotambaa chini ya mchanga. Juu kumekauka kama karatasi, ndani bado jeupe na gumu. Ukoka hulala kiangazi, mvua ikishuka unachipua. Mkungu uliokua miaka mingi ukifa, kivuli chake hakirudi msimu ujao. Basi maji machache tuliyonayo ni ya miti, na michanga ndiyo inayotangulia.

Kumbe kuacha nyasi zikauke kulinisaidia na jambo jingine. Bustani nzima ilipogeuka rangi ya mchanga, ukabaki ukanda mwembamba wa kijani kuelekea chooni. Jioni nikafunga koki zote, nikaandika namba za mita. Asubuhi zilikuwa zimesogea. Fundi bomba alipochimba pale kijani kilipo, akakuta kiungo cha bomba kimeachia na maji yanatoka taratibu. Kwa hiyo nawaambia wanaotunza viwanja: kabla hujamkataza mtu ndoo ya maji, soma mita usiku na asubuhi.

Hata hivyo miti michanga ilikuwa bado inahitaji maji. Kisima kilicho karibu na ufuo nilikiogopa, maana mvua zikikosa maji ya chumvi husogea chini kwa chini. Mvinje na mkungu huvumilia chumvi, lakini mche wa mwembe hauvumilii.

Ndipo nikautazama msikiti ulio ng'ambo ya ukuta wetu. Sala tano kila siku, na maji yote ya udhu yanaishia kwenye shimo. Hayana sabuni wala mafuta. Nikaenda kwa sheikh baada ya alasiri, nikamweleza nataka kuyapitisha kwenye bomba hadi mashinani kwa miti. Alikubali palepale, akaongeza jambo ambalo sikulitarajia. Ijumaa aliwakumbusha waumini kuwa Mtume (s.a.w.) alitawadha kwa mudi moja ya maji, ambayo haifiki hata lita, na akaomba watu watumie kopo badala ya kuacha bomba wazi. Maji ya kwenye bomba langu yakapungua. Nilifurahi, kwa sababu yale yaliyobaki kwenye tangi la msikiti yaliwafaa watu, na miti ilitosheka na kidogo kilichokuja.

Ilitosheka kwa sababu ya matandazo. Kila mti niliuchimbia beseni pana, nikalijaza makumbi ya nazi na majani makavu, nikiacha nafasi kidogo ili shina lisioze. Mchanga wetu haushiki maji. Makumbi huyashika na kuuzuia upepo usikaushe udongo. Miche ambayo bomba halikuifikia niliizikia mitungi ya udongo isiyopakwa rangi, shingo ikabaki juu na kifuniko chake ili mbu wasizaliane. Mtungi hutoa maji polepole kupitia kuta zake, moja kwa moja kwenye mizizi. Kazi ya kuijaza niliwaachia watoto wa bembea, na hawakuisahau.

Mvua zilipokuja hatimaye, ukoka ukarudi, na yule mama akaja kuuona.

Sasa nashughulikia paa la choo. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 40 likipata milimita 25 linakaribia kujaza simtanki la lita 1,000. Gata zimeshanunuliwa, na fundi ameahidi kuzifunga kabla ya Novemba.