Mara 3,000 kwa ndoo ileile

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii nimekaa kwenye Zaburi 71:9: "Usinitupe wakati wa uzee, nguvu zangu zipungukapo usiniache." Mstari huu tulikaririshwa tukiwa watoto wa shule ya Jumapili, meno ya mbele hayajaota. Tunalia "usinitupe wakati wa uzee" na uzee wenyewe hatuujui!

Nikamkumbuka Viola Léger, mwigizaji wa Kanada. Alikuwa Mwakadia, wa jamii inayosema Kifaransa cha kwao kule New Brunswick. Waingereza waliwang'oa mababu zao makwao kuanzia 1755 wakawatawanya. Alikuwa mwalimu kwanza. Mwaka 1971 akapanda jukwaani kuwa La Sagouine, mhusika wa mwandishi Antonine Maillet: mke wa mvuvi, fukara, anayepiga deki nyumba za watu. Hana mwenzake pale jukwaani. Ana ndoo, tambara na mdomo wake, na anasema kwa lafudhi ileile ambayo wasomi waliicheka. Karibu na mwanzo anakiri kwamba ngozi imempasuka, ila mikono yake ni myeupe, maana imeshinda majini maisha yake yote.

Huyo La Sagouine ana miaka 72. Viola alikuwa na 41 tu. Basi akawa anaazima uzee, usiku baada ya usiku, kwa Kifaransa na baadaye kwa Kiingereza pia, na televisheni ikampeleka sebuleni mwa watu. Aliigiza zaidi ya mara 3,000. Mwaka 2001 akateuliwa kuwa seneta, na mwaka uliofuata, akiwa bado Seneti, akatimiza 72. Akaupita umri wa yule bibi, na ndoo hakuiweka chini. Alifariki Januari 2023, akiwa na miaka 92.

Wapo wanaotuonya kuhusu sala za kukariri, na Mathayo 6:7 wanaishika mkononi: "msipayuke-payuke." Ni kweli, kupayuka kupo, mimi mwenyewe Baba Yetu yangu ya asubuhi mara nyingi huisha kabla sijaamka vizuri. Lakini maneno mengine tunapewa mapema, kama nguo ya mtoto iliyonunuliwa kubwa makusudi. Tunayasema tu, mpaka siku moja yanatukaa.

Jumamosi nilimkuta mama mmoja anapiga deki kanisani kwetu, chini ya madhabahu, ameinama na tambara kwa sababu fagio la maji halifiki pembeni. Nikamsomea ule mstari. Akaumalizia kabla yangu, macho yake sakafuni.

"Nimeujua tangu niko darasa la pili, mwanangu," akasema, akilikamua tambara. "Ila mwaka huu ndiyo nimeanza kuuomba. Sogeza mguu hapo."