Mwanga wa meza, giza la kitanda

Chumba tunachokaa mimi na dadangu huku mtaa wa Umoja, Nairobi, kina balbu moja, katikati ya dari. Ikiwashwa, imewashiwa kila kitu: kitanda, jiko, ndoo za maji, meza yangu. Mimi husoma prufu za vitabu vya shule usiku, yaani nakala za kusahihishwa kabla kitabu hakijatoka, kwenye karatasi zilizochapishwa, kwa sababu mchana nina kibarua kingine. Dadangu ni muuguzi, na akiwa na zamu ya asubuhi huwa stejini kabla ya saa kumi na moja alfajiri. Nikifanya kazi, yeye hulala kwenye mwanga. Siku anayolala vizuri, kazi yangu imelala pia. Hajawahi kulalamika. Hujifunika leso usoni na kugeukia ukutani, basi. Ndiyo maana suala la taa ya mezani limenikaa moyoni siku hizi kuliko mambo mengine mengi ninayopaswa kuyafikiria.

Ukiuliza habari ya taa, kila mtu hukueleza inamulika hadi wapi. Mimi nilitaka kujua inaishia wapi. Nilikuwa nanunua mwanga wa meza na giza la kitanda kwa pesa moja, na pesa yenyewe ilikuwa shilingi elfu mbili, balbu ikiwemo.

Nieleze meza ilivyo, kwa sababu kila kitu kilianzia hapo. Imeegemezwa ukutani chini ya dirisha, upana wake ni kama wa gazeti lililofunguliwa. Dirisha linatazamana na ukuta wa ploti jirani, karibu kiasi kwamba ukinyoosha mkono na ufagio unaugusa. Hapa Nairobi tuko karibu na ikweta, jua huzama mnamo saa kumi na mbili unusu mwaka mzima, lakini meza yangu hufikwa na magharibi kuanzia saa kumi. Halafu balbu ya dari iko nyuma yangu nikikaa. Nikiinama kusoma, kivuli cha kichwa changu kinaanguka juu ya mstari ule ule ninaousoma. Hata ningeweka balbu kubwa zaidi, kivuli kingebaki pale pale, kikolee tu.

Ofisini wataalamu wa taa hupanga meza ya kusomea na kuandikia ipate kama laksi 500, laksi zikiwa kipimo cha mwanga unaoangukia juu ya kitu. Balbu ya dari ya wati 9, kutoka kule juu, haikaribii kiwango hicho mezani pangu. Lakini mwanga una tabia moja inayomfaa mtu asiye na pesa: ukiupunguza umbali kwa nusu, unaongezeka mara nne. Balbu ndogo ya wati 5 iliyoshushwa hadi kama sentimita arobaini juu ya karatasi, ndani ya kofia inayouelekeza mwanga chini, inaishinda ile kubwa ya darini kwa mbali sana. Kwa hiyo pesa yangu ilikuwa iende kwenye mkono wa kuishusha taa na kofia ya kuuzuia mwanga. Balbu ingefuata baadaye.

Nilianzia Luthuli, barabara ya maduka ya vifaa vya umeme katikati ya jiji, kama kila mtu. Tangu barabara ile ipanuliwe njia za miguu unaweza kusimama mbele ya duka ukatazama kitu bila kusukumwa na mikokoteni. Taa za mezani zimejaa, na nyingi ni za namna moja: kichwa bapa cha plastiki chenye vipande vya LED ndani, shingo laini ya kukunjwa, betri chini, waya wa USB. Ni nzuri kuzitazama na bei yake iko chini. Ila kila niliyoiinua niliuliza swali lile lile: LED zikififia, au betri ikichoka, nitabadilisha nini? Hakuna cha kubadilisha, zimefungwa na gundi. Betri ya lithiamu ikianza kuzeeka, taa nzima imezeeka. Na mwanga wake hutoka kwenye kioo cheupe kilicho wazi, unatapakaa kila upande, ukutani, kitandani. Mwanafunzi aliye na chumba chake peke yake ataifurahia. Kwangu haikufaa.

Muuzaji mmoja, kijana mwenye subira ya ajabu, aliniwashia kadhaa moja baada ya nyingine. Nilimwomba ruhusa nizitazame kwa kamera ya simu, ile ya kupunguza kasi ya video. Stima yetu ni ya hezi 50, na balbu ambayo ndani yake wamebania vifaa hupepesa mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, lakini baada ya kurasa nyingi kichwa kinajua. Kwenye skrini ya simu, baadhi ya taa zilitulia kabisa. Nyingine zilionyesha mistari myeusi ikitambaa juu ya picha kama maji. Kijana alishangaa, akachukua simu yake akaanza kuzipima zake zote. "Kumbe hii ndiyo inarudishwa kila siku," akasema, akaiweka kando.

Kuna jambo moja pale dukani ambalo siwezi kulinyamazia. Taa kadhaa za chuma zilikuwa na plagi ya miguu miwili ya mviringo. Soketi zetu ni za miguu mitatu ya bapa, na tundu la juu, la athi, yaani la waya wa usalama unaoupeleka umeme uliovuja ardhini, ndilo linalofungua milango ya yale mawili ya chini. Sote tunajua watu wanavyofanya: wanachomeka kalamu kwenye tundu la juu, milango ikifunguka wanasukuma ile plagi ya miguu miwili, kalamu inatolewa. Nimeona ikifanywa mbele ya watoto. Plagi inakaa legelege, inachemka, inatoa cheche, na mtoto amejifunza kwamba soketi ni kitu cha kuchokolewa. Taa ya chuma inapaswa kuwa na waya wa athi, au iwe na alama ya mraba ndani ya mraba inayoonyesha imekingwa mara mbili. Nilizozigeuza siku ile hazikuwa na kimojawapo. Jamani, plagi nzuri ya miguu mitatu ni bei ya chakula cha mchana kibandani. Mwombe fundi akufungie, tena akuwekee fyuzi ya ampea 3. Hiyo ya ampea 13 inayokuja na plagi ni ya pasi na birika. Waya mwembamba wa taa unaweza kuungua kabla fyuzi hiyo haijastuka.

Taa yenyewe niliipata katika soko la mitumba la Toi, kwa mama mmoja anayeuza vyombo vya mitumba juu ya turubai: birika, fremu za picha, mizani ya jikoni. Ilikuwa imelala chini ya kikapu, ya chuma, rangi ya kijani iliyochubuka shingoni, mkono wa viungo viwili wenye springi, kibano cha skrubu cha kushika ukingo wa meza. Plagi ilikuwa ya miguu mitatu kama zetu, na holda ilikuwa ya balbu ya pini, jambo lililonifanya niamini kwamba imetoka Uingereza, maana soketi zetu tumerithi huko.

"Hiyo ni mia kumi na tano, kijana wangu."

"Mama, haina hata balbu."

"Balbu utanunua. Mkono huo utanunua wapi?"

Alikuwa na haki. Mkono ndio niliokuwa nautafuta. Niliubana kwenye ukingo wa ubao wa meza yake, nikaushusha, nikauachilia. Ulibaki pale pale. Nikauinua, nikausukuma kando, ukabaki. Hiki ndicho kipimo pekee ninachokiamini kwa taa ya namna hii: uiweke popote, uondoe mkono, uone kama inakutii. Wazo hili lina umri mkubwa. Mhandisi Mwingereza George Carwardine, aliyekuwa akishughulika na springi za magari, alilipatia hataza mwaka 1932: springi inayousawazisha uzito wa kichwa cha taa mahali popote ilipo, kama msuli unavyoushika mkono. Tangu hapo taa za wachora ramani, za mafundi saa, za madaktari wa meno, zimekuwa ndugu zake. Nikiifikiria inanigusa. Mtu wa magari alikaa akafikiria jinsi ya kumpunguzia mwenzake kazi ya kushika taa.

Tulikubaliana shilingi mia tisa. Kabla sijalipa niliufuata waya wote kwa vidole, kutoka kwenye plagi hadi kwenye kofia, pole pole, nikitafuta mahali palipokauka au kupasuka. Waya wa taa ya mtumba hufia kwenye viungo, pale unapokunjwa kila siku. Sehemu moja karibu na kiwiko ilikuwa imekakamaa. Fundi wa hapa mtaani ameukata na kuubadilisha wote, na athi ameifunga kwenye chuma ipasavyo.

Balbu nilirudi kuinunua kwa yule kijana wa Luthuli, kwa heshima ya subira yake. "Nyeupe ama ya manjano?" Swali hilo ni fupi lakini lina usiku mzima ndani yake. Ile nyeupe inayouzwa sana Nairobi huandikwa kelvini 6500, kipimo cha rangi ya mwanga, na imejaa bluu. LED nyeupe kwa kawaida huanza kama LED ya bluu iliyopakwa unga unaoigeuza sehemu ya mwanga kuwa wa njano. Ile bluu ndiyo iliyowapa wanasayansi Akasaki, Amano na Nakamura Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014. Ni ugunduzi mkubwa, na mimi mwenyewe nafaidika nao. Ila bluu nyingi usiku huchelewesha usingizi, na chumbani kwangu kuna mtu wa kuamka alfajiri. Ile ya manjano, kelvini 3000, inatuliza, lakini niliona karatasi ikigeuka rangi ya chai. Nilichukua ya katikati, kelvini 4000, wati 5, ambayo ilibidi kijana aitafute kwenye boksi la nyuma kwa sababu wengi hawaiulizi.

Nilimwonyesha pia kwa nini nina shida na rangi. Mimi hurekebisha kwa kalamu nyekundu. Mhariri anayepitia kazi baada yangu hutumia rangi ya machungwa. Chini ya balbu hafifu alama zetu mbili hufanana, na ni rahisi kudhani koma yangu ni yake. Kuna kipimo cha jinsi balbu inavyoonyesha rangi kwa uaminifu, CRI, ambacho kikomo chake ni 100, na nyekundu ndiyo inayoteseka zaidi kwenye balbu zenye alama ya chini. Niliyoichukua imeandikwa 90. Nilitoa ukurasa mmoja mkobani nikauweka chini yake pale kaunta: nyekundu ikawa nyekundu, machungwa yakawa machungwa. Kijana akaandika tarehe kwa kalamu ya wino mzito kwenye shingo ya balbu, kwa ajili ya garantii. Shilingi mia nne. Ni ghali kwa balbu, na sioni ubaya wake.

Ilibaki shida ya stima kupotea. Tarehe 25 Agosti 2023, giza lilipoikumba nchi karibu yote usiku ule, nilikuwa na sura ya kukabidhi kesho yake, na niliisoma kwa tochi ya simu iliyoegemezwa kwenye kikombe. Watu wengi hununua taa ya betri kwa hofu hiyo tu. Lakini holda ya kawaida kama hii inapokea balbu yoyote ya pini, zikiwemo zile za kuchaji zinazowaka stima ikiondoka. Nimeweka moja kwenye droo. Ni nzito kwa sababu ya betri iliyo ndani, na nilipoipachika mkono ulishuka kidogo, lakini ukikaza kokwa ya kiwiko unasimama. Stima ikipotea nitabadilisha balbu, taa itabaki ile ile.

Sasa naiwasha karibu kila usiku. Nimeibana upande wa kushoto kwa kuwa naandika kwa mkono wa kulia, ili kivuli cha mkono kiangukie nje ya mstari. Ukingo wa kofia uko chini ya macho yangu, sioni balbu yenyewe. Mwanga unafunika karatasi, kamusi, kikombe, kisha unakatika kwenye ukingo wa meza na kuacha mstari mmoja mwembamba sakafuni. Kitanda hakimo. Kuhusu gharama, wati 5 kwa saa nne kila usiku hazimalizi hata uniti moja ya tokeni kwa mwezi. Balbu ya zamani ya wati 60 ingekula zaidi ya uniti saba kwa saa hizo hizo.

Usiku wa kwanza dadangu aliamka kunywa maji, akauliza, "Kaka, bado unasoma? Nilidhani umelala zamani." Leso ilikuwa imekunjwa kwenye kiti.

Juzi amenijia na jambo jipya. Amejiandikisha kusomea diploma ya juu, na anataka meza Jumanne na Alhamisi. Mimi siku hizo nitasomea kitandani, yeye akiwa macho, kwa hiyo tunahitaji taa iweze kuhama. Mkono wake unachomoka kwenye kibano kwa kuvutwa juu tu. Nimemwambia fundi anichongee kibano cha pili, cha kushika ubao wa kichwani mwa kitanda, chenye tundu la kipenyo kile kile, na amesema kitakuwa tayari Jumamosi.