Vile nilipanga malipo ya watoto wa walimu shule zikifungwa

Nalea watoto mchana nyumbani kwangu Mikindani, Mombasa, na zaidi ya nusu ya hao watoto wazazi wao ni walimu. Sikupanga iwe hivyo, ni vile mwalimu mmoja akileta mtoto anaenda kuambia wenzake ofisini na wao wanakuja. Nawapenda sana kama wateja, wanaleta mtoto mapema, wanamchukua kwa wakati, na ukiwaambia mtoto leo hakula vizuri wanasikiza. Lakini kama unafanya hii kazi unajua shida yake, Aprili wako likizo, Agosti likizo, halafu mwisho wa mwaka ndio ile ndefu, na nyumba inabaki na watoto wawili watatu na landilodi anataka kodi yake vilevile.

Mtaani kwetu desturi ni mtoto akija unalipwa, asipokuja hulipwi. Kwa mama wa sokoni inafanya kazi manake huyo haendi likizo. Kwa mwalimu haifanyi, kwa sababu anachokuachia sio siku moja ya homa, ni wiki tatu nzima au miezi miwili, na msichana anayenisaidia siwezi kumwambia rudi kwenu Desemba uje Januari, atapata kazi kwingine na watoto washamzoea. Maji nanunua kwa mitungi hata nikiwa na watoto watatu, sakafu ni ile ile.

Kilichonifanya niandike masharti ni mambo ya nafasi. Kulikuwa na mwalimu mmoja tuliachana vizuri kabisa shule zikifungwa Agosti, akasema ataonana na mimi zikifunguliwa, na hakulipa kitu. Katikati akaja mama nesi, likizo yake ya uzazi inaisha, mtoto ana miezi mitatu, akaomba nafasi akiwa na pesa mkononi. Nilimpokea. Shule kufunguliwa yule mwalimu akaja asubuhi na mtoto na begi lake na mimi sina mahali pa kumweka, na yeye kipindi cha kwanza ni saa mbili. Aliniambia, "Lakini mama, si uliniambia nafasi iko?" na kwa kweli yeye alikuwa anaamini iko, na mimi niliamini ameenda. Hakukuwa na karatasi wala pesa ya kuonyesha nani ana haki. Hapo ndio nikasema lazima kila mtu ajue anachonunua, manake likizo mzazi halipii uji na kubadilishwa daipa, analipia mahali pa mtoto pasichukuliwe na mwingine.

Kabla ya kuweka bei niliongea na kila mwalimu peke yake nikamuuliza yeye analipwaje likizo. Hii nawaomba wenzangu msiiruke. Watu hudhani mwalimu ni mwalimu, wote wana mshahara. Aliyeajiriwa na TSC, ile tume ya serikali ya walimu, mshahara wake unaingia kila mwezi, Aprili, Agosti, Desemba, hakuna tofauti. Mwalimu wa BOM analipwa na bodi ya shule kutoka kwa pesa shule iliyo nayo, na ziko shule nyingi hazimlipi wakati watoto hawako darasani. Yule wa shule ya praiveti wengine wanapata nusu, wengine hakuna. Halafu kuna intaani wa JSS, yaani mwalimu wa sekondari ya chini ambaye bado hajaajiriwa kamili, ile posho yake 2024 ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato, sasa huyo ukimwambia alipe mwezi mzima na mtoto yuko kwa nyanya yake bara utakuwa umemuonea. Kwa hivyo sikubaliani na wale wanaosema lipisha wote mwaka mzima hamna kujadili, wala sikubaliani na bure.

Kwangu mwezi ni 4,500. Nikasema Aprili, Agosti na Desemba ni nusu, 2,250, nafasi ni yako, na kwa hiyo nusu unaweza kuniletea mtoto siku mbili kwa wiki, siku tukubaliane kabla. Hizo siku mbili ndizo zilifanya watu wakubali, kwa sababu likizo ya wanafunzi sio lazima iwe likizo ya mwalimu. Angalia mwaka wa 2025, muhula wa tatu uliisha 24 Oktoba lakini KCSE, ule mtihani wa kidato cha nne, iliendelea mpaka 21 Novemba, walimu wako kwa usimamizi, halafu wengine wanaitwa kusahihisha. Ndio maana Novemba sikuiweka kwa miezi ya nusu, hiyo kila mtu tunaongea kulingana na shule yake. Na kuna walimu wanaosoma digrii kwa ule mpango wa skulubesi, ambao masomo yake yanawekwa likizo makusudi, huyo Agosti ndio mwezi anaonihitaji kuliko miezi yote, analeta kila siku na analipa mwezi kamili kama kawaida.

Wale wa TSC wawili wakaniomba kitu kingine, hawataki kukumbuka mwezi gani nusu mwezi gani kamili. Tukapiga hesabu: miezi tisa kwa 4,500 ni 40,500, miezi mitatu kwa 2,250 ni 6,750, jumla 47,250, ukigawa kwa kumi na mbili ni karibu 3,940, tukafanya 3,950 kila mwezi Januari hadi Desemba. Kwangu ni nzuri sana kwa sababu Desemba pesa inaingia. Ila hapa uwe makini, kwa mpango huu kila mwezi wa shule mzazi amelipa pungufu ya 550, akihama katikati ya mwaka lazima mkae chini mfanye hesabu ya hiyo tofauti, na hilo liandikwe mwanzo kabla hamjaanza.

Sasa kwa mwalimu wa BOM nilifikiria sana, na jibu lilitoka kwa wazazi wasio walimu. Shule zikifungwa, mwalimu anabaki na mtoto wake nyumbani, lakini yule mama wa hoteli huko Nyali au baba wa bandarini ana mtoto wa miaka sita saba ambaye hana pa kwenda, na Desemba hoteli zetu ndio zimejaa, hakuna kupewa ofu. Yule mtoto wa shule anakuja kwangu likizo tu, na siku shule inafunguliwa anaondoka, na siku hiyo hiyo mwalimu anarudi na mtoto wake. Nafasi moja, watu wawili, na hawagongani! Kwa hivyo mwalimu asiye na mshahara wa likizo nikamwambia, ukiniachia nafasi yako niitumie hulipi kitu, na ufunguzi ni yako, iko kwa maandishi.

Watoto wa likizo nawalipisha kwa siku, 250, wanakula kweli hawa, na mwisho ni miaka minane kwa sababu akizidi hapo anataka uwanja na mimi uwanja sina. Wanakaa veranda na msichana wangu wakati wadogo wanalala mchana, na vile vitu vyao vidogo vidogo, shanga, gololi, vinabaki kwa mfuko juu ya kabati mpaka jioni. Bila mtu wa pili usijaribu, mtoto anayetambaa na mtoto wa darasa la pili hawawezi kuangaliwa na macho ya mtu mmoja.

Kitu kingine, kwa karatasi sikuweka tarehe ya kufungua. Niliandika "siku shule zitakapofunguliwa". Mwaka 2024 mnakumbuka mvua za masika, muhula wa pili ulikuwa uanze 29 Aprili ukasogezwa hadi 6 Mei, halafu ukasimamishwa kabisa kwa ajili ya mafuriko, shule zikaja kufunguliwa 13 Mei. Mwenye tarehe kwa karatasi angegombana na wazazi mara mbili hapo. Mwaka huo huo, 26 Agosti, KUPPET, chama cha walimu wa sekondari, wakagoma siku ya kufungua, watoto wa praiveti wamerudi shule na mwalimu wa sekondari yuko nyumbani, kwa hivyo kuna mstari wa mgomo pia: wiki ya kwanza tunahesabu bado ni likizo, baada ya hapo malipo ni ya kawaida, aje asije.

Na msisahau mtoto mwenyewe. Mtoto wa mwaka mmoja akikaa na mamake Desemba yote, Januari anakuja kama hajawahi kuniona, analia mpaka anatapika, na mama anaenda darasani moyo umebaki kwangu. Nikaanza kuwaambia warudi kutoka bara mapema kidogo, sio kuteremka basi Jumapili usiku, halafu waniletee mtoto asubuhi chache kabla ya shule, saa moja au mbili hivi, siwalipishi. Wale wanaofanya hivyo siku ya kufungua mtoto analia kidogo tu kisha anaenda kutafuta ndoo yake ya kuchezea.

Karatasi za mwisho wa mwaka nazitoa wiki kabla shule zifungwe na majibu nataka kwa maandishi, hata meseji ya WhatsApp inatosha. Asiyejibu mpaka siku ya kufunga nampigia mara moja, asiposhika wala kurudisha simu nafasi nampa anayefuata kwa foleni, na hilo pia limeandikwa pale juu ya sahihi yake.